BAKULI LA TAMBI: HISTORIA YA CHAKULA CHA KICHINA NA CHA KIVIETNAM, NA ADABU ZA WATOTO WETU MEZANI



Shukrani zote ni za Allah (SWT) aliyetujaalia kuufikia tena mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona katika jarida la Ramadhan, mwezi wa kujizuia na chakula, mtu ameshika kalamu kuandika habari za chakula, tena cha Wachina na Wavietnam. Naomba univumilie. Tusidanganyane, Ramadhan ndio mwezi ambao sisi huzungumza chakula kuliko miezi mingine yote. Ikifika saa tisa alasiri kila nyumba inanukia, huku kaimati, huku viazi karai, huku tambi za iliki. Basi kama tunazungumza chakula, na tuzungumze kwa faida. Kisa ninachotaka kukusimulia kilinitia aibu, na hiyo aibu ndiyo iliyonipeleka maktaba.

KISA CHENYEWE

Mwezi wa Shaaban pesa za HELB zilipoingia, wadogo zangu wawili walikuwa wamekuja Nairobi likizo kutoka Mombasa. Wa kiume yuko gredi ya nne, wa kike yuko gredi ya kwanza. Nikasema leo nitawatoa, tena sio chipsi na kuku kama kila siku. Mwenzangu wa chuo alikuwa ameniambia kuna hoteli ya Kichina ambayo ni halali, na bei si ya kuua. Nikampigia Mama kumuomba ruhusa. Akanijibu neno moja tu: "Angalia usinilishie wanangu haramu."

Tukafika, tukakaa. Yule kijana wa Kichina aliyekuwa akihudumu akatuletea bakuli kubwa la supu ya nyama na tambi, moshi unafuka. Kabla hata bakuli halijatua mezani, mdogo wangu akaziba pua akasema kwa sauti ya kusikika meza ya tatu: "Kaka, mi sili! Hawa si wanakula nyoka na mende?"

Nikacheka. Naam, mimi mkubwa, nimesoma madrasa miaka mingi, nilicheka. Yule kijana aliweka bakuli taratibu, akasema kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika lakini kinachoeleweka: "Hakuna nyoka. Halali. Karibu." Akaondoka. Hapo ndipo nilipoona kichwani ana kofia nyeupe kama yangu, na ukutani nyuma yake kuna kibao kimeandikwa "halali" kwa herufi za Kiarabu, na chini yake herufi mbili za Kichina. Kumbe tumemtukana Muislamu mwenzetu, ndani ya hoteli yake, juu ya chakula chake. Na hata angekuwa si Muislamu, je, ingekuwa sawa?

Nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekizika siku nyingi. Nilipoingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko bara, usiku mmoja tulikuwa tunahadithiana vyakula vya kwetu. Nikasema kwa furaha kwamba kwetu tunakula pweza wa nazi. Bweni zima likalipuka. Kuanzia siku ile mpaka namaliza kidato cha nne jina langu lilikuwa "Pweza", na wengine hawakutaka kukaa nami meza moja. Kwa hivyo mimi nilijua vizuri uchungu ule, na bado nilicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

SI WAGENI KAMA TUNAVYODHANI

Jioni hiyo nikaanza kusoma, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba China imo mezani kwetu tangu zamani, ila hatuitambui. Ukifuturu, kitu gani hakikosekani? Chai. Neno lenyewe "chai" limetoka kwa Wachina wanaosema "cha", likapita Uajemi na Uhindi mpaka likafika kinywani mwetu. Mti wa majani ya chai asili yake ni upande huo wa China na nchi zinazopakana nayo. Hapa Kenya ulipandwa kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na leo tunajivunia kana kwamba ulishuka na mababu zetu. Na mchele? Ule mpunga wa Asia tunaopikia pilau, biriani na mkate wa sinia, wataalamu wa akiolojia wanasema ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika bonde la mto Yangtze, nchini China.

Halafu tazama vyombo. Aliyetembelea magofu ya Gedi ameona vipande vya sahani za kaure kutoka China. Katika makaburi ya zamani ya mwambao, yale yenye nguzo kama la Mambrui, wazee wetu walipachika mabakuli ya Kichina kwenye saruji iwe pambo. Na mwaka 2010 watafiti wa Kenya na China walifukua hapo hapo Mambrui sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 mpaka 1424. Yaani wazee wetu walikuwa na sahani ya Mchina miaka 600 iliyopita, na sisi wajukuu zao tunaziba pua.

Aliyeongoza safari za meli za mfalme Yongle ni Zheng He. Huyu alizaliwa mwaka 1371 jimbo la Yunnan katika nyumba ya Kiislamu, na baba yake na babu yake wote walikuwa mahujaji. Alifanya safari saba baina ya 1405 na 1433. Safari ya kwanza peke yake ilikuwa na watu wapatao 27,000. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme, na Wachina wakastaajabu wakidhani ni mnyama wa baraka anayetajwa katika hadithi zao. Katika safari ya tano, baina ya 1417 na 1419, meli zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Mmoja wa wakalimani wa safari hizo alikuwa Ma Huan, naye Muislamu, aliyeandika kitabu kuhusu nchi walizozipita, watu wake, mavazi yao na wanachokula. Aliandika mpaka habari za Makka. Na nchi ya kwanza katika kitabu chake ni Champa, ambayo leo ni sehemu ya katikati ya Vietnam. Tutarudi huko insha Allah.

WAISLAMU WA CHINA NA NENO "QINGZHEN"

Zile herufi mbili za Kichina nilizoziona ukutani husomwa "qingzhen". Qing ni safi, zhen ni kweli. Safi na kweli. Ndivyo Waislamu wa China wanavyouita Uislamu na msikiti, na ndivyo wanavyokiita chakula cha halali. Hebu fikiria, ndugu yangu: kwao chakula halali hakielezwi kwa "hakuna nguruwe" pekee, bali kwa usafi na ukweli.

Uislamu uliingia China katika zama za utawala wa Tang, kwa wafanyabiashara Waarabu na Waajemi waliopitia bahari mpaka Guangzhou, na wengine waliopitia nchi kavu kwa njia ya hariri mpaka mji uitwao leo Xi'an. Msikiti wa Qingjing katika mji wa Quanzhou ulijengwa mwaka 1009. Watu wa kabila la Hui, ambao wengi wao ni Waislamu, walihesabiwa zaidi ya milioni 11 katika sensa ya mwaka 2020. Hao ni mbali na Wauighuri wa Xinjiang na makabila mengine ya Kiislamu.

Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, ni shahidi mzuri kwetu kwa sababu alifika kwetu na kwao. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu alikaribishwa wali wa samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na embe. Huoni kama ni sinia la nyumbani? Baadaye, katika miaka ya 1340, anasimulia alivyofika China. Huko alikuta katika kila mji mtaa wa Waislamu wenye misikiti yao. Hakuficha kwamba alichukizwa na nyama ya nguruwe na ya mbwa iliyouzwa sokoni, na alipokutana na Waislamu alifurahi kana kwamba ameona jamaa zake wa damu. Lakini pia alishangaa kwa furaha kuona kuku wakubwa kuliko bata bukini wa kwao, mpaka kuku mmoja ikabidi apikwe kwa vyungu viwili! Hiki kisa cha kuku niliwahadithia wadogo zangu, na mpaka leo wanakicheka.

Sasa, hao Waislamu wa China walifanya nini na chakula? Walichukua upishi wa nchi yao wakausafisha. Nguruwe akatoka, akaingia kondoo na ng'ombe. Katika mji wa Xi'an kuna chakula kinaitwa yangrou paomo. Mlaji hupewa mkate mkavu na bakuli tupu, akakaa akaumega mkate kwa mkono wake vipande vidogo kabisa, kisha bakuli likarudi jikoni likamiminiwa supu ya kondoo. Ewe uliyesoma sira, hukumbuki tharidi? Mkate uliochanywa ndani ya mchuzi wa nyama, chakula kilichopendwa na Mtume (SAW). Na Wauighuri wana wali wa kondoo na karoti wanaouita "polo". Hilo jina ni ndugu na pilau yetu, ukoo mmoja.

Si kwamba njia yao ni nyepesi. Mwaka 2019 wenye mikahawa ya halali mjini Beijing waliamriwa waondoe maandishi ya Kiarabu na alama za Kiislamu katika vibao vyao. Sisi hapa mtu anaandika "halali" mlangoni kwa rangi yoyote atakayo, na wala hatushukuru.

BAKULI LENYEWE

Lile bakuli lililomfanya mdogo wangu azibe pua ni tambi za Lanzhou, mji ulio kaskazini-magharibi ya China, kando ya mto Manjano. Watu wa huko humtaja Ma Baozi, Muislamu wa kabila la Hui, kuwa ndiye aliyezipa umaarufu mwaka 1915. Lakini tambi zenyewe ni za zamani mno. Katika eneo la Lajia, si mbali sana na Lanzhou, watafiti walifukua bakuli la udongo lililopinduka, na chini yake kulikuwa na tambi nyembamba zenye umri wa miaka kama 4,000. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2005.

Kuzitengeneza ni mchezo wa kutazama. Mpishi hachukui kisu wala mashine. Hushika bonge la unga wa ngano uliokandwa vizuri, akalivuta kwa mikono miwili, akalikunja, akalivuta tena. Nyuzi mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, nane zinakuwa kumi na sita, mpaka anapata nyuzi nyembamba ambazo hazikatiki. Ukitaka kumfundisha mtoto hesabu ya kuzidisha kwa mbili, mpeleke akaangalie. Na bakuli lina sifa tano zake: supu nyangavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, majani ya kijani kama dania, na tambi za rangi ya manjano.

Basi siku ile, yule mdogo wa kike, ambaye hakuwa amesema kitu, alichota kwa kijiko akaonja. Akanitazama. "Kaka, hizi ni tambi za Mama, ila hazina sukari!" Wallahi maneno ya mtoto yana hekima. Sisi tunazila kwa sukari, tui na iliki. Wao wanazila kwa supu ya ng'ombe. Unga ni ule ule.

VIETNAM: NDUGU TULIOWASAHAU

Wengi wetu tukisikia Vietnam tunafikiria vita tu. Lakini ile Champa aliyoiandika Ma Huan ilikuwa dola ya wafanyabiashara wa baharini, watu wa kabila la Cham. Mji wao mkuu Vijaya ulitekwa na Wavietnam mwaka 1471, na dola ikaendelea kudidimia mpaka ikatoweka. Wacham wengi waliingia katika Uislamu, na wapo mpaka leo. Katika jimbo la An Giang, kwenye delta ya mto Mekong, utakuta misikiti, madrasa, na soseji za nyama ya ng'ombe zinazotengenezwa na Wacham kwa sababu hawali nguruwe. Na katikati ya jiji la Ho Chi Minh, ambalo zamani liliitwa Saigon, kuna msikiti uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu kutoka Uhindi.

Chakula cha Vietnam kinachojulikana zaidi duniani ni pho (hutamkwa karibu na "fa"). Ni tambi za mchele katika supu ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka masaa mengi kwa mdalasini, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni, karafuu na kiungo kingine chenye umbo la nyota. Juu yake huwekwa vipande vyembamba vya nyama, dania na ndimu. Nikisoma orodha hiyo nahisi niko soko la Marikiti, Mombasa.

Historia yake ni funzo. Pho ilianza kaskazini ya Vietnam, pande za Nam Dinh na Hanoi, mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wafaransa wanatawala. Wafaransa walikuwa wakila nyama ya ng'ombe, na mifupa ikabaki kwa wachuuzi, ambao walijua tangu zamani kupika supu za tambi kama majirani zao Wachina. Wakaichemsha, wakaibeba kwa mzega begani, wakaiuza mtaani. Yaani chakula kinachosifiwa leo katika miji mikubwa ya dunia kilitoka katika mifupa aliyoiacha mkoloni. Mwaka 1954 nchi ilipogawanywa mapande mawili, watu kama milioni moja wakahamia kusini, wakaenda na masufuria yao. Huko kusini bakuli likaongezwa rehani na machipukizi ya ndengu, kwa sababu ardhi ile ina rutuba ya majani. Mwaka 1975 Saigon ikaanguka, na safari hii watu wakatoka nchini kabisa. Waliokimbia kwa mashua na kufika salama nchi nyingine katika miaka 20 iliyofuata walikuwa karibu 800,000. Waliozama baharini, Allah ndiye mjuzi wa idadi yao. Waliofika Marekani, Kanada, Australia na Ufaransa, wengi walianza maisha kwa sufuria la pho.

Je, hatuyajui haya hapa kwetu? Baada ya mwaka 1991 ndugu zetu Wasomali walikimbia vita wakaja Kenya, na leo ni nani asiyekwenda Eastleigh kula anjera na nyama ya ngamia? Mkimbizi hupoteza nyumba na mali, lakini upishi wa mama yake huja nao kichwani.

Shangazi yangu anaishi Toronto, na wanawe wamezaliwa huko. Aliniambia kwamba chakula wanachokiomba watoto wake siku ya Idi si biriani yake, ni pho ya hoteli moja ya halali iliyo karibu na msikiti wao! Alisikitika kidogo. Lakini akasema: "Wameionja karafuu na mdalasini humo ndani, wakarudi kuniuliza mbona pilau yangu inanukia hivyo hivyo." Njia ya kurudi nyumbani wakati mwingine hupita mbali.

CHAKULA KINAPOGEUZWA MATUSI

Yale maneno ya "wanakula nyoka" hayakuanza na mdogo wangu. Wachina walikwenda Marekani kwa wingi baada ya dhahabu kugunduliwa California, miaka ya 1849 na kuendelea. Maelfu yao walijenga reli iliyounganisha nchi nzima na kumalizika mwaka 1869. Walipomaliza, shukrani yao ikawa nini? Magazeti na wanasiasa wakawachora kama watu wachafu wala panya, na mwaka 1882 ikapitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Sheria ile haikufutwa mpaka 1943. Angalia vizuri hapo: kwanza ilikuwa mzaha juu ya chakula, baadaye ukawa ukuta wa sheria. Lakini Allah hufungua mlango pasipodhaniwa. Mwaka 1915 uamuzi wa mahakama uliwawezesha wenye mikahawa kuhesabiwa kama wafanyabiashara, na mfanyabiashara aliruhusiwa kusafiri na kuleta jamaa. Basi mikahawa ya Kichina ikaongezeka sana, na watoto wa wale wale waliotukana wakawa wateja.

Na mwaka 2020, korona ilipotanda, watu wenye sura za Asia walitukanwa barabarani katika nchi nyingi za dunia, na tusi lilikuwa lile lile la chakula. Najua wapo watakaosema Wachina nao wana makosa yao hapa kwetu, kwenye kandarasi na biashara. Sawa, kosa la mkandarasi alijibu mkandarasi. Bakuli la supu halina kesi.

MTUME (SAW) ALITUFUNZA NINI

Tumesoma katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) hakuwahi kukitia ila chakula. Akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Na katika vitabu hivyo hivyo mna kisa cha dhabb, yule mnyama wa jangwani mfano wa kenge. Aliletwa mezani amechomwa, Mtume (SAW) akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (RA) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba sivyo, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, ndio maana nafsi yake haikumtaka. Basi Khalid akamvuta akala, na Mtume (SAW) anamtazama.

Ndugu zangu, katika kisa hiki mna elimu yote tunayoihitaji hotelini. Kuna "haramu", na kuna "sijazoea". Haya ni mambo mawili mbalimbali, na watoto wetu tunawachanganyia. Nguruwe ni haramu, pombe ni haramu, hapo hakuna mjadala wala aibu ya kukataa. Lakini uyoga, vijiti, tambi za mchele na supu yenye harufu ngeni, hayo ni ya "sijazoea". Mtoto anayefunzwa kusema "astaghfirullah" kwa kila asichokizoea, kesho atakosa kuijua haramu yenyewe ikimjia imepambwa.

Kwa mwenye kutaka kuwapeleka wadogo zake au wanawe, haya ndiyo niliyojifunza:

1. Uliza kabla ya kukaa, kwa upole. Katika upishi wa Kichina na Kivietnam nguruwe hujificha: katika mafuta ya kukaangia, katika supu, ndani ya maandazi ya mvuke, katika wali wa kukaanga. Mvinyo pia hutiwa kwenye nyama. Uliza nyama imechinjwa wapi, na kama karai ni moja kwa vyote. Pasipo na hakika, ondokeni kwa salama. Kuuliza si kutukana.

2. Anza na kinachofanana na cha nyumbani. Wali, tambi, kuku, samaki. Pilipili iwe pembeni. Sisi tuliokulia na papa mkavu tusijifanye kushtushwa na harufu ya sosi ya samaki ya Wavietnam, nayo ni samaki na chumvi tu vilivyowekwa miezi mingi.

3. Agizeni vya kushirikiana. Wachina huweka vyakula katikati ya meza kila mtu akachota, kama sinia letu. Hapo mkumbushe mtoto yale Mtume (SAW) aliyomfunza Umar bin Abi Salama alipokuwa mdogo na mkono wake unazunguka sahani nzima: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake.

4. Mwache ashike vijiti, vimponyoke, acheke. Mweleze kwamba vijiti vinawezekana kwa sababu mpishi amekwisha kata kila kitu vidogo vidogo jikoni.

5. Usimlazimishe. Aonje kidogo, na asipopenda aseme "sijapenda, asante". Asiseme "yakh!". Hilo moja likishika, safari imefaulu.

6. Mpe hadithi. Chakula chenye hadithi hakiogopwi.

HITIMISHO

Kabla wadogo zangu hawajarudi Mombasa nilitafuta pesa zilizobaki, tukarudi pale pale. Njiani nilikuwa nimewasimulia Zheng He, twiga wa Malindi, na kuku wa vyungu viwili. Yule kijana alikuwepo. Mdogo wangu wa kiume alisimama mbele yake, uso umemwiva kwa haya, akasema, "Assalaam alaykum." Hatukuwa tumepanga hivyo. Kijana akaitikia salamu kamili, na Kiarabu chake ni kizuri kuliko Kiswahili chake na Kichina changu. Mimi nikamuomba radhi kwa ile siku. Sijui kama alinielewa kila neno. Aliniwekea mkono kifuani, akatabasamu, akaenda jikoni.

Mdogo wangu alikula nusu bakuli. Hakumaliza, alisema pilipili. Lakini alipomaliza kufuta mdomo akaniuliza, "Kaka, yule twiga alipofika China, nani alijua anakula nini?" Swali hilo sikuwa na jibu lake. Ila nilifurahi sana kwamba mtoto aliyeanza kwa kucheka chakula cha mgeni sasa anamhurumia mgeni atakula nini.

Ramadhan hii, tunapokaa kufuturu, tutazame sinia lililo mbele yetu. Mchele umetoka Asia, chai imetoka China, sambusa imevuka bahari, tende imetoka Arabuni. Allah ametuumba mataifa na makabila ili tujuane, na mahali pepesi pa kuanzia kujuana ni mezani. Tuwafunze watoto wetu kuogopa haramu, na wasimdharau mwanadamu.

Allah atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu, awalinde ndugu zetu kila walipo, mashariki na magharibi, na atupe riziki iliyo safi na ya kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.